Maswali ya Wasomaji: Utakatifu wa Siku za Kazi

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka swali moja: mtu wa kawaida, mwenye kazi, familia na madeni, anawezaje kuwa mtakatifu, na ataanzia wapi? Tumechagua sita. Baadhi tumezifupisha, na majina yote tumeyaondoa.

Mchungaji wetu hutuita "watakatifu wa Bwana" kila Jumapili. Jirani yangu Mkatoliki anasema watakatifu ni wale waliotangazwa na Kanisa, tena wameshafariki. Mimi nikijitazama naona aibu kuitwa hivyo. Nani yuko sahihi? – Mwimbaji wa kwaya

Wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anasema jambo lake.

Mtume Paulo anapowaandikia Wakristo wa Rumi, Efeso, Filipi na Korintho, anawaita watakatifu wakiwa hai, wakiwa bado wanakwenda sokoni na kugombana. Chukua Wakorintho. Katika barua ya kwanza, sura ya 1, aya ya 2, anasema wametakaswa katika Kristo Yesu na wameitwa kuwa watakatifu. Fungua kurasa chache mbele uone ni watu wa namna gani hao. Wamegawanyika makundi, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa (1:12). Mmoja wao anaishi na mke wa baba yake (5:1). Wanashtakiana mbele ya mahakimu wasioamini (6:1-8). Kwenye chakula cha Bwana mmoja ana njaa na mwingine amelewa (11:21). Paulo hakusubiri wanyooke ndipo awaite watakatifu. Aliwaita hivyo kwanza, kisha akaandika sura kumi na sita akiwadai waishi kama walivyoitwa.

Mpangilio huo ndio imani yenyewe. Mungu ndiye anayetangulia: anamtwaa mtu kuwa wake kwa Kristo, na mambo mengine yote yanafuata. Anayegeuza mpangilio huo, akajaribu kwanza kuwa mwema ili baadaye Mungu ampokee, huishia pabaya: akifanikiwa anajivuna, akishindwa anakata tamaa. Lakini pia asiseme kazi imekwisha. Wafilipi 2:12-13 inashika pande zote mbili kwa pamoja: utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu. Paulo mwenyewe anasema katika barua hiyohiyo kwamba hajafika bado, anakaza mwendo (3:12).

Jirani yako naye anazungumzia watu ambao Kanisa limechunguza maisha yao na kuwatangaza, ili waumini wawe na mifano ya kufuata na wawaombe watuombee. Hata hivyo Kanisa Katoliki halifundishi kwamba utakatifu ni wa hao tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa hilo, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu Kanisa, ulitenga sura nzima, ya tano, kusema kwamba waamini wote wa kila hali ya maisha wameitwa kwenye utakatifu. Walutheri nao, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 21, wanasema watakatifu wakumbukwe ili imani yetu iimarishwe na kila mmoja afuate mfano wao katika wito wake. Wanachokataa ni kuwaomba. Tofauti hiyo ipo na ni ya kweli. Lakini kuhusu mwimbaji wa kwaya kuishi kitakatifu Jumatatu asubuhi, pande zote mbili zinamdai jambo lilelile.

Aibu unayoiona ni nzuri ikikusukuma kubadilika. Ikikufanya useme "mambo hayo ni ya wengine", ujue imekuwa kisingizio.

Nina watoto watatu, wa mwisho ananyonya. Zamani nilikuwa nakesha kwenye maombi na nilifunga kila Ijumaa. Sasa hata sura moja ya Biblia siimalizi. Nimerudi nyuma kiroho? Nimejaribu mara kadhaa kujipangia saa moja ya sala alfajiri nikashindwa. – Mama mchovu

Pole na kazi, dada. Kwa haya uliyoyaandika hatuoni mahali uliporudi nyuma. Wito wako umebadilika, nawe bado unajipima kwa kipimo cha wito wa zamani.

Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, aliandika jambo hili wazi mwaka 1609: ibada ya kweli hutofautiana kwa askofu, fundi, mjane na mke wa mtu. Askofu akitaka kuishi upweke kama mmonaki, au fundi akitaka kushinda kanisani siku nzima, ibada hiyo ina kasoro, kwa sababu inapingana na wajibu wa mwenyewe. Kipimo hicho kinakuhusu. Kumnyonyesha mtoto saa nane usiku ni wajibu wa hali yako, na wajibu wa hali yako ndio mahali Mungu anapokutakasa. Vinsenti wa Paulo, aliyekufa mwaka 1660, aliwaambia masista wake kwamba wakiitwa kumhudumia maskini katikati ya sala, wanamwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Mtoto anayelia naye ni mhitaji.

Ile saa moja ya alfajiri hushindikana kwa sababu inayojulikana. Mtu aliyelala vipande vipande hana akiba ya kuitoa. Siku ya kwanza na ya pili anajikaza, ya nne anasinzia, wiki ya pili anaacha, kisha aibu inamfanya aache hata dakika tano alizokuwa anaziweza. Usiirudie njia hiyo. Fanya hivi:

Chagua wakati mmoja wa dakika 10 ambao kwa kawaida uko kimya, labda mtoto mdogo anapolala mchana. Uwe uleule kila siku. Soma aya chache za Injili, fungu moja tu la habari, usome mara mbili, kisha mwambie Bwana jambo moja ulilokutana nalo humo. Dakika zikiisha, inuka, hata kama moyo unataka kuendelea. Utaona kesho una hamu ya kurudi. Mtoto akiamka dakika ya nne, sala imekwisha na imekubaliwa. Usiifidie usiku kwa kujinyima usingizi.

Kisha funga sala fupi kwenye kazi za mikono. Yohane Kasiano, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, aliwafundisha wamonaki kurudia mwanzo wa Zaburi ya 70, ombi la Mungu aje hima kutuokoa na kutusaidia, wakati wa kula, wa kazi na wa majaribu. Wakristo wa Mashariki hutumia "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Chagua moja. Iunganishe na tendo linalojirudia: kila unapofungua bomba, au kila unapombeba mtoto. Ukisema "nitakuwa nasali siku nzima", hutasali, kwa sababu hakuna kitu cha kukukumbusha. Ukiifunga kwenye bomba, bomba litakukumbusha. Ndugu Laurenti, Mkarmeli wa Paris aliyefanya kazi jikoni miaka mingi na kufa mwaka 1691, alijulikana kwa kuzoea kukaa na Mungu katikati ya vyungu na makelele, na alisema wazi kwamba mazoea hayo yalimchukua miaka kujengeka. Usijihukumu baada ya wiki mbili.

Kuhusu mfungo: anayenyonyesha asijinyime chakula. Makanisa yenye sheria ya kufunga huwaacha nje wajawazito na wanaonyonyesha. Jinyime kitu kingine, kwa mfano simu kuanzia saa mbili usiku, au neno la kulalamika wakati wa kula.

Na jambo la mwisho, ambalo wengi husahau kulisema: baba wa watoto naye ameitwa. Mwombe ashike watoto kwa nusu saa mara mbili kwa wiki, wewe usali au ulale. Vyote viwili ni halali.

Nilifanya kazi dukani miaka kadhaa. Tulikuwa tunapunja mizani kwa agizo la tajiri, na chenji nyingine niliweka mfukoni. Sasa nimempokea Yesu. Naambiwa yaliyopita si ndwele, Mungu amesamehe. Mbona moyo hautulii? Na kazini kwangu sasa natakiwa kusaini hesabu ambazo najua si za kweli. – Ndugu wa hesabu

Moyo wako hautulii kwa sababu bado una mali ya watu. Msamaha wa Mungu ni wa kweli na ni kamili, lakini haukufanyi wewe kuwa mmiliki wa chenji ya mteja.

Tunakusihi usome Walawi sura ya 19, polepole, kalamu mkononi. Inaanza kwa amri kwamba watu wa Mungu wawe watakatifu kwa kuwa yeye ni mtakatifu, kisha inaeleza utakatifu huo unaonekanaje. Humo hakuna maono. Kuna kuacha pembe za shamba bila kuvunwa kwa ajili ya maskini na mgeni (aya ya 9-10), kutolaza ujira wa kibarua hadi asubuhi (13), kutomwekea kipofu kikwazo (14), kutopendelea katika hukumu, si maskini wala mkubwa (15), kutopita huku na huku na umbeya (16), kusimama mbele ya mwenye mvi (32), na mizani ya haki, mawe ya haki, vipimo vya haki (36). Mizani yenu ya dukani imetajwa kwenye sura ileile inayoamuru utakatifu. Watu wengi wanaotafuta utakatifu katika mambo ya ajabu wameiruka sura hiyo.

Sasa kuhusu kurudisha. Torati ilitaka mtu arudishe mali yote aliyodhulumu na kuongeza sehemu ya tano juu yake (Hesabu 5:7). Zakayo aliahidi mara nne (Luka 19:8). Mkristo halazimiki kwa hesabu hizo, lakini analazimika kurudisha kile kilicho cha mwingine. Kaa na karatasi. Andika kile unachokumbuka: ni kwa muda gani, mara ngapi kwa wiki, kiasi gani kwa kadirio la haki. Usijipunguzie, wala usijibambikie kwa hofu. Gawa mafungu mawili: ulichokitia mfukoni mwenyewe, na kilichoingia kwa tajiri kwa mkono wako. La kwanza ni deni lako lote. La pili ni la tajiri kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeagiza na kupata faida. Lakini ulishiriki, na asipolipa usijione huru kabisa. Mwambie, au angalau toa sehemu inayolingana na ulivyoshiriki.

Wateja unaowafahamu, warudishie wenyewe. Aliyefariki, wapewe warithi wake. Wale wasiojulikana, ambao kwa duka ndio wengi, fungu lao lipeleke kwa maskini wa mahali palepale duka lilipokuwa, maana ndio waliopunjwa. Hulazimiki kujitangaza, unaweza kurudisha kwa siri, kwa mkono wa padri, mchungaji au mtu unayemwamini. Isipokuwa kama kuna mtu mwingine aliyesingiziwa au kufukuzwa kwa makosa yako: huyo lazima asafishwe jina, hata ikikugharimu. Kama huna uwezo wa kulipa kwa mkupuo, lipa kidogo kidogo kwa tarehe uliyoipanga, na uanze mwezi huu, maana azimio lisilo na tarehe hupotea.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kuchukua fedha hizo akazitoa zaka au mchango wa ujenzi wa kanisa, akahisi amemaliza. Hajamaliza. Ametoa sadaka kwa fedha za mtu mwingine.

Kuhusu saini: saini yako ni ushuhuda wako, hivyo kusaini hesabu unayojua ni ya uongo ni kusema uongo kwa maandishi, na agizo la mkubwa haliondoi hilo. Lakini usianze kwa kugombana. Andaa hesabu sahihi, kamili, yenye viambatisho vyake, uipeleke kwa wakati. Ukiambiwa ubadilishe, omba kwa heshima agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi agizo huishia hapo. Likija kwa maandishi, jibu kwa maandishi kwamba huwezi kuithibitisha, ukieleza tarakimu ipi na kwa nini. Tunza nakala ya majibizano yako. Na anza kutafuta kazi nyingine kabla hujalazimishwa, kwa sababu mwenye familia asiye na pa kwenda hushawishika kirahisi. Danieli hakuitwa mwaminifu kwa sababu ya sala tu: maadui zake walichunguza kazi yake ya serikali wakakosa kosa (Danieli 6:4). Hakikisha na wewe hesabu zako nyingine zote, pamoja na saa za kuingia na kutoka, hazina doa.

Nina hasira. Naahidi kila siku, naanguka kila siku, hasa kwa watoto. Nimeomba, nimeombewa. Nifanye nini cha kweli? – Baba wa wavulana wawili

Kwanza tuulize: hasira hiyo inafika kwenye mkono? Kama unapiga kwa ghadhabu au watu wa nyumbani wanakuogopa, hatua zinazofuata hapa hazitoshi. Tafuta msaada leo kwa mtu atakayekusimamia ana kwa ana, na kubali kukaa mbali nao kwa muda ikihitajika. Usalama wao hausubiri maendeleo yako ya kiroho.

Kama ni maneno na kelele, jaribu zoezi aliloliacha Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika karne ya 16. Ni la kawaida mno kiasi kwamba watu hulidharau, na ndiyo maana hawalifaidi. Unachagua kosa moja tu. Asubuhi, mara unapoamka, unaazimia kujilinda nalo. Mchana unajiuliza saa kwa saa tangu ulipoamka: nimeanguka mara ngapi? Unaweka nukta kwenye mstari wa siku hiyo, nukta moja kwa kila anguko. Usiku unarudia kwa saa za mchana hadi jioni, unaweka nukta kwenye mstari wa pili. Siku moja mistari miwili, wiki moja mistari kumi na minne. Kisha unalinganisha mstari wa juu na wa chini, leo na jana, wiki hii na iliyopita. Na kila unapoanguka, palepale, unaweka mkono kifuani kwa kujuta. Unaweza kufanya hivyo mbele za watu wasitambue.

Linapofeli, hufeli kwa sababu chache. Mtu huchagua makosa matano. Au huandika "niwe mvumilivu", jambo ambalo halihesabiki. Andika "nisipaze sauti kwa watoto". Au huhesabu bila kutazama kinachotangulia. Kando ya kila nukta andika neno moja: njaa, usingizi, simu, deni, kuchelewa. Baada ya wiki mbili utaona mfano unajirudia. Kama nukta nyingi ziko kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku ukitoka kazini, shida iko kwenye saa hizo, nawe unaweza kubadili jambo: kula kitu kabla ya kufika nyumbani, kukaa dakika kumi nje kimya, kuacha simu ya kazi mlangoni. Watu wengine huona si kiroho kupambana na dhambi kwa chakula na usingizi. Mungu alimtendea Eliya hivyohivyo: alipotamani kufa, malaika alimletea mkate na maji, akalala, akala tena, ndipo safari ikaendelea (1 Wafalme 19:5-8).

Nukta zikipungua kutoka tisa hadi sita, hayo ni maendeleo. Mshukuru Mungu kwa hizo tatu. Zikiongezeka wiki ya kwanza usishangae. Umeanza kuziona zilizokuwepo.

Na ukianguka, omba radhi kwa mtoto siku hiyohiyo kabla jua halijazama, kama Waefeso 4:26 inavyoagiza. Taja kosa: "Nimekupigia kelele mbele ya rafiki zako, nimekosea. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Usimlazimishe akujibu wala usimgeuze yeye kuwa mfariji wako. Kama kosa lake bado linahitaji kurekebishwa, lirekebishe baadaye, kwa sauti ya kawaida, kama jambo jingine.

Nimeungama dhambi moja ya ujana mara nyingi sana. Nikitoka kwa padri nahisi sikueleza vizuri, narudi. Jumapili nyingine sipokei Komunyo kwa hofu. Je, huo si uchaji wa Mungu? – Msichana mwenye hofu

Dada mpendwa, hapana. Hiyo ni dhamiri iliyojeruhiwa na hofu, na ina historia ndefu miongoni mwa watu wa Mungu. Martin Luther alipokuwa mtawa aliungama kwa saa nyingi na bado hakupata amani. Ignasi wa Loyola, huko Manresa mwaka 1522, alirudiarudia dhambi zake za zamani hadi akashawishika kujiua. Tunakutajia ujue kwamba hali hii haithibitishi kwamba Mungu amekukataa.

Tiba yake ni kinyume cha kile moyo unachotaka. Chagua padri mmoja, mwambie hali yako yote, umtii, usizunguke kwa wengine. Dhambi iliyokwisha kuungamwa usiirudie tena, hata ukiona ulieleza vibaya. Mashaka usiyahesabu kuwa dhambi: kama huwezi kusema kwa uhakika kwamba ulijua ni kosa zito na ukakubali kwa hiari, pokea Komunyo. Kujichunguza kusizidi dakika tatu, na zoezi la nukta tulilompa baba aliyetangulia si lako kabisa, litakudhuru. Hofu itapanda siku za kwanza unapokataa kuitii, kisha itashuka. Ndivyo inavyopona.

Kama unarudiarudia mambo mengine pia, kunawa, kukagua mlango, kuhesabu, mwone daktari wa akili. Kuna ugonjwa wa namna hiyo, unatibika, na kwenda hospitali hakupunguzi imani. Kariri 1 Yohana 3:20: mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu.

Bibi yangu alifariki miaka minane iliyopita. Alilea yatima, alimsamehe aliyemuua mwanawe, na watu bado wanamtaja. Anaweza kutangazwa mtakatifu? Tumetundika picha yake kwenye kanisa dogo la familia. – Mjukuu

Anaweza. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, mchakato hufunguliwa angalau miaka mitano baada ya kifo, na askofu wa jimbo ambako mtu alifariki. Kwanza panatakiwa sifa ya utakatifu iliyoenea yenyewe kwa watu, isiyopigiwa debe na familia. Askofu akifungua, huitwa Mtumishi wa Mungu. Mashahidi husikilizwa na maandishi yake hukusanywa, kisha vyote huenda Roma, kunakochunguzwa kama aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa: imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu na kiasi. Muujiza mmoja unahitajika ili awe Mwenyeheri, isipokuwa kwa mfiadini, na mwingine uliotokea baada ya hapo ili awe Mtakatifu. Uponyaji huchunguzwa na madaktari: je, ulikuwa wa ghafla, kamili, wa kudumu, na usioelezeka kitabibu?

Watu wa ndoa na wa kazi wamo. Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, yeye fundi saa na mkewe mwenye biashara ya lesi, walitangazwa pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, wakiwa wanandoa wa kwanza kutangazwa kwa pamoja.

Hata hivyo ni wachache mno wanaofika huko, na Kanisa linajua hivyo. Ndiyo sababu ya sikukuu ya tarehe 1 Novemba, inayowakumbuka wote, wenye majina na wasiojulikana. Bibi akiwa miongoni mwao, hapungukiwi kitu kwa kukosa faili Roma.

Picha itoeni kwenye kanisa na muiweke sebuleni. Tangu karne ya 17 sheria inakataza heshima za hadhara za kitakatifu, kama altare, miale kichwani pa picha au ibada, kwa mtu ambaye Kanisa halijamtamkia, na kuvunja sheria hiyo kunaweza kuzuia mchakato wenyewe. Kumwomba awaombee mkiwa peke yenu kunaruhusiwa. Kisha waendeeni wale yatima aliowalea, wakiwa bado wapo, na mwandike wanachokumbuka: alifanya nini, mwaka gani, mbele ya nani, na alisema maneno gani kwa yule aliyemuua mwanawe. Andikeni na mapungufu yake pia, kwa sababu ushahidi unaosifu tu huwatia shaka wachunguzi. Kila shahidi asaini karatasi yake na kuweka tarehe, na nakala moja ikae parokiani.